"Biblia inajipinga, dini za Mashariki hazijipingi"

Kila muhula katika somo la dini linganishi lazima atokee mtu wa kunieleza kwamba Biblia imejaa migongano, lakini Ubuddha na Uhindu haviyumbi hata kidogo.

Nusu ya kwanza sina ugomvi nayo. Mathayo 27 inasema Yuda alizitupa fedha hekaluni akaenda kujinyonga, na makuhani ndio walionunua konde la mfinyanzi. Matendo 1 inasema konde alilinunua Yuda mwenyewe, kisha akaanguka, akapasuka, matumbo yakamwagika. Wapo wanaosuluhisha kwa kusema kamba ilikatika. Kamba kukatika hakumo kwa Mathayo wala kwenye Matendo, wamejitilia wenyewe.

Nusu ya pili ndiyo inayonipandisha presha. Ukimuuliza msemaji amesoma nini, utaambiwa nukuu zilizobandikwa juu ya picha ya machweo. Angegusa Upanishadi, maandiko ya kale ya Uhindu, angekuta mfafanuzi wake Shankara akifundisha kwamba nafsi na Brahman, uhalisia mkuu wa vyote, ni kitu kimoja, na mfafanuzi mwingine, Madhva wa karne ya 13, akifundisha kutoka maandiko hayohayo kwamba ni viwili, tena milele. Wabuddha nao wanakana nafsi ya kudumu huku wakifundisha kuzaliwa upya. Sasa anazaliwa nani? Wapudgalavada, kundi la kale la Wabuddha, walipojibu kwamba yupo "mtu" fulani, asiye sawa na viambajengo vyake vya mwili na akili wala tofauti navyo, Wabuddha wenzao waliwashambulia kwa karne nyingi.

Katika maandiko ya kale ya Wabuddha yaliyo kwa lugha ya Kipali, mtu aitwaye Vacchagotta alimuuliza Buddha kama nafsi ipo. Kimya. Haipo, basi? Kimya vilevile, mpaka mtu akajiondokea. Baadaye Buddha akamweleza mwanafunzi wake Ananda: ningesema ipo, ningeunga mkono wanaoamini umilele wa nafsi, ningesema haipo, ningezidi kumvuruga yule aliyekwisha vurugika.

Wengine hapo hurukia kusema Mashariki wanaukumbatia ukinzani. Wapi! Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibuddha, aliutumia kama rungu: alionyesha hoja ya mpinzani inajipinga, kwa hiyo haisimami. Huyo si mtu wa kuvumilia migongano.

Na eti Wakristo wa kale hawakuiona? Waliiona mapema sana. Mnamo mwaka 170 mwandishi Mkristo Tatian alizifuma Injili nne zikawa simulizi moja laini, na makanisa ya Shamu yakaisoma kwa vizazi. Katika karne ya 5 Askofu Theodoret alikusanya nakala za simulizi hiyo zaidi ya 200 akaziondoa, akarudisha zile nne pamoja na tofauti zake zote. Mithali 26 nayo inakataza kumjibu mpumbavu katika aya ya 4, kisha inaagiza ajibiwe katika aya ya 5. Mhariri hakusinzia hapo.

Mengine kwa haraka. Buddha si Mungu muumba wa Wabuddha. Nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, si paradiso. Karma si kudra: ni tendo lako na matokeo yake, kwa hiyo aliyefeli mtihani bila kusoma asiniletee habari za "karma yangu iliandikwa hivyo".