Je, wajua kwa nini siku ya baharini inaweza kuwa na saa 25?

Ukipanda meli ya Queen Mary 2 pale Southampton, Uingereza, kwenda New York, safari ya kawaida huchukua usiku saba. Bandari ukishaiacha, unabaki na Atlantiki tu hadi ufike. Katika usiku huo saba, mara tano hivi utapewa saa moja ya bure. Saa nane za usiku saa za melini zinarudishwa hadi saa saba, nawe unaendelea kuuchapa usingizi. Siku hiyo imetimiza saa 25.

Sababu iko kwenye mwendo. New York iko nyuma ya Uingereza kwa saa tano, na aliyekwenda kwa ndege hukabidhiwa saa zote tano kwa mkupuo, ndiyo maana saa tisa usiku anakodoa macho darini hotelini. Meli haina haraka hiyo. Inakwenda kama kilomita 40 kwa saa, yaani karibu 960 kwa siku. Dunia nayo hujizungusha digrii 15 kila saa, na kwa latitudo za Atlantiki ya Kaskazini digrii 15 ni kama kilomita 1,150. Piga hesabu: kila siku meli ikielekea magharibi, jua linachelewa kwa kama dakika 50. Karibu na ikweta, ambako digrii hizo 15 ni kilomita 1,670 hivi, meli yenye mwendo uleule ingechelewesha jua kwa dakika 35 tu.

Saa zisipoguswa, mambo yanaharibika polepole. Siku ya kufika, jua ambalo New York linachomoza saa kumi na mbili asubuhi, kwa saa ya Southampton lingekuwa linachomoza saa tano. Watu wangekunywa chai ya asubuhi gizani.

Anayeamua ni nahodha. Ramani zimeigawa bahari katika kanda za saa za digrii 15 kila moja, hesabu ikianzia mstari wa Greenwich, London, uliochaguliwa kwenye mkutano wa Washington mwaka 1884. Lakini saa ya ukutani mle melini hugeuzwa kwa agizo lake, na anaweza kuigeuza usiku huu akaiacha usiku wa kesho, ilimradi siku ya kutia nanga saa za melini na za nchi kavu ziwe zimekutana. Maofisa wa usukani, kwa kazi zao, hufuata saa ya dunia isiyobadilika.

Sasa mchukue abiria aliyesafiri peke yake. Meli hii iliongezewa vyumba 15 vya mtu mmoja ilipokarabatiwa mwaka 2016, na ni vichache mno kwa meli inayobeba abiria zaidi ya 2,600. Akivikosa, atachukua chumba cha wawili na mara nyingi atalipa karibu nauli ya wawili. Hana mwenzake wa kumwambia, "Umerudisha saa?" Anayemkumbusha ni mhudumu wa chumba, anayeacha karatasi ya ratiba ya kesho, na ndani yake kuna tangazo la kubadilisha saa. Simu si ya kutegemewa: ikiwa imezimwa mtandao itabaki na saa ya Southampton, na ikinasa mtandao wa meli inaweza kuonyesha saa yoyote. Wazoefu huvaa saa ya mshale na kuigeuza kwa mkono kabla ya kulala.

Ambaye hakuigeuza utamwona alfajiri. Anafika kwenye mkahawa, wahudumu ndio kwanza wanapanga vikombe. Basi anakwenda sitaha ya saba, ambayo inaizunguka meli nzima, anaungana na wale watu wa mazoezi wanaotembea wakiinamisha kichwa dhidi ya upepo. Mizunguko mitatu ni maili moja na ushei.

Mchana wa baharini hauna mandhari ya kubadilika, kwa hiyo hushikiliwa na saa. Saa sita kamili honi inalia (mojawapo ya honi za meli hii ilitoka kwenye Queen Mary ya zamani, ya miaka ya 1930), kisha sauti ya nahodha inatoka kwenye spika: tuko wapi, upepo ukoje, chini yetu kuna maji ya kina gani. Watu husimamisha mazungumzo kusikiliza. Saa tisa na nusu alasiri ni chai, wahudumu wamevaa glovu nyeupe, wanapita na skonzi na vipande vya mkate wenye tango, bendi ikipiga. Katikati ya nguzo hizo mbili mtu hujaza apendavyo: mihadhara, mafunzo ya dansi, jumba la kuonyeshea nyota, maktaba yenye maelfu ya vitabu. Kwa maoni yangu, kinachomwokoa msafiri wa peke yake kuliko vyote ni meza ya chakula cha jioni ya watu sita au wanane. Kuna vikao vilivyoandikwa rasmi kuwa vya wasafiri wa peke yao, lakini pale mezani hulazimiki kumtafuta mtu. Umeshapangiwa, na kesho mtakutana haohao.

Kurudi mashariki ni habari nyingine. Hapo siku zina saa 23, na mwili hauzipendi, kwa sababu saa ya ndani ya binadamu kwa wastani inazidi saa 24 kwa dakika chache. Kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Ili usingizi wa abiria na wafanyakazi usikatwe, Queen Mary 2 ikirudi Uingereza husogeza saa mchana: honi ya saa sita inalia, na papo hapo inahesabiwa saa saba. Kinachopotea ni kipande cha mchana. Aliyekuwa hajui aumalizeje mchana wake hatalalamika.

Aliyefunga Ramadhani yeye saa ya ukutani haimhusu, anafuata jua. Akielekea magharibi jua linamkimbia, na katika mchana wa saa 12 ataongezewa kama dakika 25 za njaa. Akielekea mashariki atapunguziwa kiasi hicho hicho.

Na anayeizunguka dunia nzima je? Akienda magharibi, saa za bure zitajikusanya hadi 24, yaani siku nzima, na deni hilo lazima lilipwe. Wa kwanza kuligundua ni mabaharia wa msafara wa Magellan, walioondoka Hispania mwaka 1519. Julai 1522 wachache waliosalia walifika visiwa vya Cape Verde. Kwa shajara ya Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika kila siku bila kuruka, ilikuwa Jumatano. Watu wa nchi kavu wakawaambia ni Alhamisi.

Siku hizi deni linalipwa Pasifiki, kwenye mstari wa tarehe ulio karibu na longitudo 180. Meli ikiuvuka kuelekea magharibi, tarehe moja inarukwa: unalala Jumatatu unaamka Jumatano, na kama ulizaliwa tarehe iliyorukwa, mwaka huo umekosa sikukuu yako. Ikielekea mashariki tarehe inarudiwa, ratiba ya Jumatatu inafuatwa na ratiba nyingine ya Jumatatu. Mwenye vidonge vya kila siku atavihitaji Jumatatu zote mbili, kwa hiyo ahesabu dozi zake kwa saa zinazopita, si kwa kalenda, na azungumze na daktari wake kabla ya kufunga sanduku.