Mizani 9 Si Sababu ya Kuwasha Kiberiti

Wiki hii tena. Mwanafunzi wangu wa ushairi kanijia uso umemnawiri kama aliyetoka kutubu: "Mwalimu, lile daftari la sekondari nimelichoma. Lilijaa guni tupu." Guni, yaani shairi lililovunja kanuni za mizani au vina. Huyu ni wa nne mwaka huu. Nimechoka.

Mstari mmoja wa daftari hilo naukumbuka, aliwahi kunisomea: "Mama alinunua unga, akapima kwa kikombe." Ukwapi, kile kipande cha kwanza, una mizani 9, yaani silabi 9 badala ya 8, kweli. Haya, "alinunua" ifanye "kanunua". Nane hizo, chai haijapoa! Guni hutibika. Lakini ule unga unaopimwa kikombe kwa kikombe ili ufike mwisho wa mwezi, utaubuni vipi tena ukiwa na miaka 30 na mshahara?

Kinachoniudhi zaidi ni yale wanayoyabakiza. Naletewa "Dunia hii dunia, dunia tambara bovu", mizani 16 bila pungufu, vina vimekaa, kibwagizo kinaitika, na ndani hamna mtu. Hilo ndilo limetiwa kwenye jalada la plastiki! Ukitaka la kutupa, anza na hilo. Halafu kuna wanaolishindilia guni "kweli", "tena" na "jamani" mpaka litimie, kisha wanachana nakala ya kwanza. Sahihisha kwenye ukurasa mwingine, ndugu yangu. Ile ya zamani itie tarehe, uiache.

Wengine hujidai kubakiza yatakayodumu tu. Nani kawapa ramli hiyo? Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na mengi aliyotunga yalikuwa ya mambo ya siku zile: vita vya Mombasa na Lamu, vijembe kwa mahasimu. Yametufikia kwa kuwa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akishirikiana na Mwingereza William Taylor. Diwani ikaja kuchapwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa.

Hapo hapo mfano wangu unanigeuka, nakiri. Yaliyopotea huenda yalikuwa mabovu, na vichwa vya watu, kwa kukariri mazuri tu, vikawa chekecheo zuri kuliko kabati langu. Mimi nina boksi la viatu chini ya kitanda. Kila nikihama nalifungua kwa nia ya kupunguza, nasoma mawili, nalifunga. Kama ni busara au woga, sijui.

Yule mwanafunzi nilimwambia aandike upya anayoyakumbuka. Jana kaniletea beti saba. Ule mstari wa mama kautengeneza, mizani imetimia: "Mama yangu namuenzi, mlezi mwenye huruma."

Nikamuuliza unga uko wapi.