Benki kwenye Simu: Unaogopa Kitu Gani Hasa?

Kila mwisho wa mwezi wastaafu wanafika tawini kabla mlinzi hajafungua geti. Pensheni imeshaingia, meseji wameipata tangu jana, lakini foleni wanaipanga vilevile. Siku moja nilimwamkia mzee mmoja, nikamuuliza kwa nini ada ya mjukuu asiilipe kwa simu akiwa nyumbani kwake Mbagala. Akatoa kitochi chake mfukoni, akakitazama, akaniambia: "Mwanangu, hela ikipotelea humu nitamshika nani shati?"

Niko kwenye dawati la huduma za kidijitali la benki, na sijasikia mtu akiueleza woga huu vizuri kuliko yule mzee. Sisi tulio nyuma ya kaunta tunapenda kudhani mteja hajui kubonyeza. Anajua sana. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na yeye anapokea na kutuma hela kwa simu kila wiki. Ila akiba ya maisha ni kitu kingine. Kwa akiba anataka sura ya mtu, karatasi, muhuri.

Basi tuanze na hilo shati. Unapomkabidhi karani fomu yako dirishani, anaingiza tarakimu zako kwenye mfumo uleule ambao ungeuingia mwenyewe kwa simu. Hela haikai kwenye droo yake, wala haikai ndani ya simu yako. Iko kwenye kumbukumbu za benki, na kila muamala una namba yake, tarehe na saa. Namba hiyo ndiyo shati la kushika. Ukiwa nayo, malalamiko yako yanafuatiliwa hata kama karani aliyekuhudumia amehamishiwa Songea. Benki isipokusikiliza, zipo kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, na lalamiko lako unaweza kulipeleka Benki Kuu. Meseji za miamala usizifute kwa sababu simu imejaa. Futa picha za "asubuhi njema" kwanza.

Wengine wanauliza habari ya bima ya amana. Ipo, chini ya Bodi ya Bima ya Amana, na kiwango cha juu ni shilingi milioni 7.5 kwa mteja katika benki moja. Lakini hiyo ni ya siku benki yenyewe ikifilisika. Ukimtajia tapeli namba yako ya siri, bima hiyo haikuhusu.

Na hapa ndipo woga wetu unapokosea njia. Wateja wengi wanamwogopa mtaalamu wa kompyuta aliyejifungia chumbani, anavunja mitambo ya benki usiku. Malalamiko yanayofika mezani kwangu huanza na sauti tu, tena sauti ya heshima. "Habari za leo mteja wetu, napiga kutoka makao makuu, akaunti yako inafungwa saa kumi." Au ile meseji ambayo kila Mtanzania mwenye laini ameshaipata: ile hela itume kwenye namba hii. Mtego wake uko kwenye neno "ile". Kama kweli kulikuwa na hela unayodaiwa, kidole kinatangulia akili. Meseji za namna hiyo zisambaze kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti utapeli, kisha mpigie mwenye "ile" kwa namba yake unayoijua.

Benki haihitaji namba yako ya siri. Haihitaji pia zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa meseji unapofanya muamala. Anayeziomba, hata akikutajia jina lako kamili na tawi lako, kata simu. Huna haja ya kumuaga.

Kuna jambo lingine linalotutia aibu wenyewe. Mteja anakuja kuchukua kadi, afisa mwenye lengo la mwezi la kutimiza anaomba simu yake, anabonyeza bonyeza, anarudisha: "Tayari mama, umeshaunganishwa." Namba ya siri kachagua nani? Afisa. Mama anatoka pale na mlango mpya kwenye akaunti yake, ufunguo alioutengeneza mtu mwingine, na hajui hata kitasa kiko upande gani. Halafu tunashangaa haitumii huduma. Usikubali hata siku moja, hata afisa huyo akiwa mimi. Shika simu yako mwenyewe, nikuelekeze kwa mdomo, namba uichague ukiwa umenipa mgongo. Na nyumbani ni hivyohivyo. Mpwa anayekusaidia kusoma menyu asiwe ndiye anayejua namba. Kesi nzito kuliko zote nilizozishika aliyetoa hela alikuwa mtu wa ndani ya nyumba, na hakuna benki inayoweza kusuluhisha kikao cha ukoo.

Kuanza si lazima uhamishe maisha yako yote siku moja. Mwezi wa kwanza angalia salio tu na taarifa fupi ya akaunti. Ukizoea, jitumie mwenyewe shilingi elfu tano kutoka benki kwenda kwenye namba yako ya simu, uone makato (yapo, na yasome kabla ya kukubali) na uone meseji inavyokuja. Jina la mpokeaji likitokea kwenye kioo, lisome mpaka mwisho kabla ya kuthibitisha. Hela ikienda kwa mtu ambaye hukumkusudia, benki kwa kawaida haiwezi kumnyang'anya tu bila ridhaa yake. Wenye kitochi msijione mmeachwa nyuma: menyu ya kubonyeza nyota na reli haihitaji bando. Wenye simu janja, programu ya benki ipakueni kwenye duka rasmi la simu, kamwe si kwenye kiungo kilichotumwa kwenye kundi la WhatsApp la kikoba.

Muamala ukikwama ndipo wengi wanapokata tamaa. Salio limepungua, aliyetumiwa anasema hajaona kitu, mtandao unazunguka. Kosa kubwa ni kutuma tena papo hapo. Kesho yake unakuta zimeenda mara mbili. Angalia kwanza taarifa fupi ya akaunti, subiri, halafu piga huduma kwa wateja ukiwa na namba ya muamala. Mara nyingi hela iliyokwama njiani hurudi yenyewe.

Laini yako ikikosa mtandao ghafla wakati jirani wa kampuni hiyohiyo anaongea kama kawaida, usingoje kesho. Huenda mtu amejifanya wewe, akapewa laini mpya yenye namba yako. Azima simu, ipigie kampuni ya simu, kisha benki, ufungiwe huduma. Kwa siku za kawaida, *106# inakuonyesha namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, usiyoitambua, kaihoji.

Na namba ya huduma kwa wateja ya benki yako iandike kwenye karatasi, uiweke pale penye kadi ya kliniki na vyeti. Ukiihifadhi ndani ya simu peke yake, itaibiwa pamoja na simu.