Masafa kwenye gemu za mapigano ya silaha: kinachobishaniwa hasa toleo jipya linapokaribia

Tetesi za toleo jipya la Soulcalibur, mfululizo wa gemu za mapigano ya silaha, zikizuka tu, mashabiki huanza na majina ya wahusika. Taki atakuwepo? Talim je? Zasalamel amerudishwa au ameachwa tena? Asiyecheza gemu hizi akisikiliza atadhani watu wanapenda sura na mavazi tu. Ushabiki wa namna hiyo upo. Ila nyuma ya majina hayo kuna jambo jingine ambalo wachezaji hulibishania hata pale wanapokuwa hawajalitaja, nalo ni masafa.

Masafa ni umbali uliopo kati ya wapiganaji wawili, ukiutazama kwa swali moja: kutoka hapa niliposimama, nani anaweza kumfikia mwenzake? Umbali mmoja unaweza kuwa salama kwako na hatari kwa mpinzani, kwa sababu wewe umeshika fimbo ndefu naye ana panga mbili fupi. Akisogea nusu hatua mbele, hali inaanza kubadilika. Akisogea tena, sasa wewe ndiye uliye hatarini, na fimbo ile iliyokulinda inakuwa nzito kuizungusha kwa mtu aliyekwisha kukufika kifuani.

Gemu za ngumi nazo zina masafa, lakini tofauti kati ya mpiganaji na mpiganaji huwa ndogo, ukiwaondoa wachache kama Dhalsim wa Street Fighter, ambaye mikono yake hurefuka. Silaha zinapoingia, tofauti hiyo inakuwa kubwa mno. Mitsurugi ana katana, silaha ya masafa ya kati. Nightmare ana upanga mkubwa kupita kiasi unaoitwa Soul Edge. Astaroth ana shoka zito. Ivy ana upanga unaoachana vipande na kugeuka mjeledi, kwa hiyo anaweza kukupiga ukiwa mbali kiasi cha kudhani umepumzika. Kila silaha ina eneo lake la kutawala, na pambano zima ni kugombania pambano hilo lipiganwe kwenye eneo la nani.

Njia rahisi ya kuliona hili ni kuwatazama Kilik na Taki. Kilik ana fimbo ndefu, Taki ana zile panga fupi. Raundi inaanza, Taki anataka kuingia. Kilik ana aina mbili za pigo za kuchagua: la wima, linaloshuka kutoka juu, au la mlalo, linalofagia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Akipiga wima, Taki anaweza kukwepa kwa hatua ya pembeni, fimbo ikapita ubavuni mwake. Akipiga mlalo, hatua ile ya pembeni haimsaidii Taki kitu, fimbo inamkuta hukohuko alikokimbilia. Lakini pigo la mlalo likiwa la juu, Taki akichutama linapita juu ya kichwa. Kwa hiyo kila pigo la Kilik lina jibu lake, na kazi ya Taki ni kukisia lipi linakuja.

Mchezaji mzuri wa Taki hakimbilii mbele moja kwa moja. Anatembea hadi ukingoni kabisa mwa ufikio wa fimbo, anaingiza mguu kidogo, anarudi. Anaingiza tena, anarudi. Anamshawishi Kilik apige. Fimbo ikipiga hewa, kuna muda mfupi ambao Kilik hawezi kufanya chochote, kwa kuwa mwili wake bado unamalizia lile pigo. Gemu hizi huenda kwa fremu, yaani picha moja moja za mwendo, 60 kwa sekunde, na muda huo ni fremu chache tu, lakini Taki zinamtosha. Anaingia, anapiga, na kuanzia hapo Kilik ndiye anayehangaika. Akirusha pigo karibu namna hiyo, huenda panga za Taki zikamwahi kabla fimbo haijaanza kusogea. Kumwadhibu mtu aliyepiga hewa ndiyo silaha kuu ya mwenye silaha fupi. Mchezaji wa Kilik akilijua hilo, anaanza kutulia, anakataa kushawishika, anapiga pale tu ambapo ncha ya fimbo itagusa.

Ndiyo maana pambano la wachezaji wazuri wa gemu hizi linaweza kuonekana limelala. Watu wawili wanasogea, wanarudi, wanazunguka, hakuna anayepiga. Mtazamaji mgeni anasubiri mambo yaanze, na kumbe yameshaanza zamani.

Kilichoifanya Soulcalibur ya 1998 itofautiane na gemu ya Soul Edge iliyoitangulia (yenye jina moja na upanga wa Nightmare) ni uhuru wa kutembea. Ukishikilia upande wowote kati ya pande nane, mhusika wako anakimbilia huko: mbele, nyuma, pembeni, mshazari. Kabla ya hapo, gemu nyingi za 3D zilikuwa za 3D kwa macho zaidi kuliko kwa miguu. Uhuru huo uliyageuza masafa kutoka mstari mmoja wa mbele na nyuma kuwa duara. Naamini huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wowote uliowahi kufanywa katika mfululizo huu, na toleo lolote jipya litakaloubana litakuwa limeacha uti wa mgongo wa gemu yenyewe.

Halafu kuna ukingo wa ulingo. Ukitupwa nje umepoteza raundi, hata kama uhai wako umejaa. Kwa hiyo unapima umbali wa aina mbili kwa pamoja, ule ulio mbele yako kwa mpinzani na ule ulio mgongoni kwako. Mwenye silaha ndefu anapenda kurudi nyuma ili mpinzani abaki pale anapomtaka, lakini kila hatua ya kurudi inamsogeza ukingoni. Bila ukingo huo, kukimbia kungekuwa mbinu isiyo na gharama.

Sasa turudi kwenye majina. Soulcalibur V ilipotoka 2012, hadithi yake iliruka miaka 17 mbele, na wahusika kadhaa waliopendwa wakaondolewa. Taki aliondoka, lakini mwanafunzi wake Natsu alikuja na mtindo wake. Sophitia aliondoka, binti yake Pyrrha akashika upanga na ngao. Nafasi ya Xianghua ilichukuliwa na binti yake Leixia. Hapo watu walilalamikia sura na hadithi, na walikuwa na haki, lakini mikono ya mchezaji haikupotea: umbali aliozoea kupigania ulikuwa bado upo. Kilio kingine kilikuwa cha wale ambao silaha zao hazikuachiwa mrithi. Zasalamel na mundu wake mrefu, ambao haukupigi tu bali unaweza kukuvuta ukamsogelea. Talim, ambaye bapa zake zimelala sambamba na mikono na analazimika kupigana karibu sana. Seong Mi-na na silaha yake ya mpini mrefu. Mchezaji aliyejifunza miaka mingi kumvuta mpinzani aingie kwenye eneo lake kwa mundu hawezi kuambiwa achague tu mhusika mwingine. Amenyang'anywa namna yake ya kufikiri ulingoni. Soulcalibur VI ya 2018 iliirudisha hadithi mwanzo na kuwarejesha wote watatu, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya kupokelewa kwake vizuri na wakongwe.

Wageni kutoka gemu na filamu nyingine nao wanaeleweka vizuri zaidi kwa kipimo hiki. Katika Soulcalibur II kila mashine ilikuwa na mgeni wake: Link wa gemu za Zelda kwenye GameCube, Spawn wa vitabu vya katuni kwenye Xbox, Heihachi wa Tekken kwenye PlayStation 2. Link alikuja na upinde, mabomu na bumerangi, vitu vinavyofika mbali bila yeye kusogea, jambo geni kwa mfululizo ambamo kwa kawaida ni lazima uende mwenyewe. Heihachi alikuwa kinyume chake, mtu wa ngumi aliyevalishwa glavu za chuma na kutupwa katikati ya mapanga, akilazimika kupenya masafa ya kila mtu ndipo aanze kazi. Yoda wa filamu za Star Wars, aliyeingia Soulcalibur IV, alileta tatizo la namna nyingine. Ufupi wake ulifanya asiweze kushikwa na kurushwa, na mapigo ya juu yakampita hewani. Kwa wengi alikuwa burudani, lakini kama mpinzani alivuruga vipimo vilivyojengwa kwa wahusika wa kimo cha kawaida. Ninapoulizwa kama mgeni fulani afaa kuingizwa kwenye toleo jipya, jina lake si hoja kwangu. Naangalia atapigania umbali gani, na kama umbali huo tayari una mwenyewe.

Soulcalibur VI pia ilileta mbinu ya Reversal Edge. Mhusika anajikinga huku akijiandaa kurudisha pigo, na pigo hilo likimpata mpinzani, mwendo wa gemu unapungua, wawili wanasimama uso kwa uso na kila mmoja anachagua pigo kwa kukisia mwenzake atachagua lipi. Kwa mchezaji mpya ni mlango mzuri, anaweza kumgusa mtu aliyemzidi. Wanaoipinga wana hoja nzito, nami niko upande wao: Taki aliyehangaika nusu raundi kuingia ndani anajikuta kwenye bahati nasibu ambayo umbali alioupigania hauna thamani yoyote ndani yake.

Samurai Shodown, gemu nyingine ya mapigano ya silaha kutoka kampuni ya SNK, iliyoanza 1993 na kurudi kwa toleo jipya 2019, inaipeleka dhana hii mbali zaidi kwa njia yake. Ni ya 2D, hakuna kuzunguka, lakini pigo moja zito la mhusika wake Haohmaru likikupata wakati umepiga hewa linaweza kuondoa kipande kikubwa cha uhai wako. Matokeo yake kila hatua inaogopwa. Tena mpiganaji anaweza kung'olewa silaha mkononi. Ikianguka, hajapoteza nguvu ya mapigo tu, ufikio wake umefupika ghafla hadi urefu wa mkono, na upanga wake umelala chini mahali ambapo mpinzani anamsubiri auinamie.

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kudhani kwamba silaha ndefu ni bora. Wanapigwa na Nightmare mara kadhaa, wanahitimisha kwamba gemu haina haki. Wabunifu huulipisha urefu kwa njia nyingi: pigo linachelewa kuanza, linachelewa kuisha, au, kama kwa Ivy, mhusika anakuwa mgumu kumudu kwa mikono. Urefu usiolipiwa gharama ndio unaoharibu gemu, na huo ndio wa kukemea toleo jipya likija nao.

Trela za matoleo mapya haziyaonyeshi masafa vizuri, maana kamera inazunguka na picha zinakatwa kila sekunde. Tafuta vile vipande ambavyo kamera imetulia pembeni na wapiganaji wote wanaonekana mwili mzima. Tazama hatua moja ya kurudi nyuma inampeleka mtu umbali gani. Tazama silaha ikikosa, inachukua muda gani mpaka mwenye nayo aweze kujikinga tena. Tazama na kingo za ulingo. Zikiwa zimezungushiwa ukuta, anayerudi nyuma hataanguka, lakini atabanwa pale ukutani na mwenye silaha fupi, na hesabu ya pambano zima inakuwa nyingine.