Alzheimer: mzigo mkubwa uko nyumbani

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Alzheimer ndiyo chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya visa hivyo. Nikizitaja namba hizi, swali la kwanza huwa lilelile: dawa ipo?

Ipo, ila si ile inayotarajiwa. Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huondoa protini ya amiloidi inayorundikana kwenye ubongo. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa takriban asilimia 27. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na wapo wanaovimba ubongo au kuvuja damu humo, hivyo lazima wapigwe picha za MRI mara kwa mara. Tena amiloidi huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya dalili. Familia inaposhtuka, ugonjwa umeshakita mizizi.

Ndiyo maana kwenye chumba changu cha kuonea wagonjwa humwuliza pia anayeuguza: wewe unalala? Wengi hawakutarajia kuulizwa. Mwaka 2019 gharama ya dimenshia duniani ilikadiriwa kuwa dola trilioni 1.3, na karibu nusu yake ni kazi ya ndugu na marafiki wasiolipwa, wastani wa saa tano kwa siku. Asilimia 70 ya saa hizo ni za wanawake.

Kinachowaumiza zaidi, naona, si kuogesha wala kulisha. Ni kusingiziwa. Mama ameficha pesa, kumbukumbu ya kuzificha haikuhifadhiwa kabisa, na akili yake inatafuta maelezo: nimeibiwa. Mwizi ni nani? Yule aliye karibu kila siku. Basi binti anayemuuguza anaitwa mwizi, na kaka anayepita mara moja kwa mwezi anasifiwa kwa wema wake! Kubishana hakusaidii, kwa kuwa ushahidi unahitaji kumbukumbu ileile iliyokosekana. Mwambie "pole mama, tutafute pamoja", kisha mhamishie kwenye jambo jingine. Na yule kaka apewe zamu za usiku.

Mzee akianza kusahau, wengi husema "ni uzee tu", na kauli hiyo huchelewesha vipimo. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri na sonona vyote huweza kufanana na dimenshia, na vyote vinatibika.

Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia vinahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, sigara na upweke. Mimi huanza na masikio. Usikivu hafifu umo kwenye orodha hiyo, na mara nyingi mzee "asiyeelewa" hakusikia swali. Apimwe, na kama anahitaji kifaa cha kusikia, akipate mapema, angali anaweza kujifunza kukivaa.