Wadudu wanaokula magugu vamizi: swali la ufuta na kosa la chupa

Msimu huu, kila tulikokwenda kuzungumzia wadudu wanaoachiwa kula magugu vamizi, kuanzia Ruangwa hadi Masasi, swali limekuwa moja: mdudu huyo akimaliza magugu, si atahamia kwenye ufuta wangu? Wengine huuliza kwa hasira, kana kwamba tumefika na ndoo ya wadudu tayari kuimwaga. Hakuna mdudu anayeachiwa bila kupita hatua nitakazozieleza, na naomba zisomwe zote.

Swali la ufuta ni la haki. Miaka ya 1960 nchini Uganda, kunguni mdogo wa majani aitwaye Teleonemia scrupulosa, aliyeletwa kupunguza kichaka vamizi cha lantana, alimaliza majani ya lantana akavamia ufuta uliokuwa jirani. Hakudumu huko, lakini mkulima anayeona shamba lake likipauka hatulizwi kwa kuambiwa kwamba ni jambo la muda. Leo faili la mdudu wa lantana ambaye hakujaribiwa kwenye ufuta nisingelipitisha.

Upimaji wenyewe uko hivi. Mwombaji huandika mdudu ametoka wapi, analenga gugu gani, na ana vimelea au magonjwa gani. Kibali cha kuingiza kikitoka, mdudu hufungiwa karantini. Huko huwekewa mmea mmoja bila kingine: ale au afe. Huanza kujaribiwa kwenye mimea iliyo ndugu wa karibu wa gugu, kisha ndugu wa mbali, kisha mazao yetu. Kuona ametafuna hakutoshi. Tunataka kujua kama jike ametaga, kama mayai yameanguliwa, kama watoto wamefika utu uzima na wao wakazaa. Kibali cha kumwachia nje ni kingine kabisa, na baada yake ufuatiliaji unaendelea. Utaratibu huu unafuata kiwango cha kimataifa namba 3 cha hatua za afya ya mimea, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Huchukua miaka, na hatuwezi kuufupisha kwa sababu mtu ana haraka.

Mchukulieni fukusi wa magugu maji, Neochetina, aliyeachiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Jike hutaga ndani ya kikonyo cha jani. Buu hutoboa akishuka, kisha chini ya maji hujitengenezea kifuko kwa vinyweleo vya mizizi, akiwa ameshikamana na mzizi ulio hai wa gugu hilo hilo. Humo ndimo anamogeuka kuwa mdudu kamili. Anayesema fukusi huyu atamaliza korosho aniambie buu atajitengenezea kifuko wapi, maana mkorosho hauna mizizi inayoelea majini. Na wakulima wa korosho ndio wa mwisho kustahili hofu hii, maana majimoto, wale sisimizi wakali, mnawaacha juu ya mikorosho miaka yote kwa kuwa wanawinda mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi yake.

Linalonitia hofu ni jingine. Kijana mmoja alitoka Mwanza kwa basi na chupa ya maji ya lita moja, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, ndani fukusi kama thelathini. Alitaka kusaidia bwawa la samaki la mjomba wake, na nia yake sina shaka nayo. Lakini wadudu walikuwa wamewekewa chakula cha njiani: kipande cha gugu maji chenye kichipukizi kibichi, na tope kidogo chini. Mbegu za gugu hili hukaa kwenye tope miaka mingi zikiwa hai. Kwa hiyo alikuwa amebeba gugu lenyewe, pamoja na vimelea ambavyo hakuna aliyevipima.

Kwa wanaovuka mpaka wa Msumbiji pale Mtambaswala na Kilambo: kuingiza nchini mdudu, mche, mbegu au udongo bila kibali cha TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kibali huombwa kabla ya safari, si ukishafika kwenye kizuizi. Mzigo usio na kibali huzuiwa, kisha hurudishwa ulikotoka au huteketezwa, na mwenye mzigo hushtakiwa. Kusema "ni wachache tu" si utetezi. Jike mmoja mwenye mayai anatosha.

Ukiona gugu usilolijua likisambaa, lipige picha pale lilipo, andika jina la kitongoji, mpelekee afisa ugani. Usiling'oe ukatembea nalo.

Yule kijana aliomba arudishiwe angalau wadudu. Tuliteketeza vyote, tope likiwemo, na jioni ile tulikwenda naye hadi kwenye bwawa la mjomba wake. Magugu yalikuwa machache, yakitosha kuopolewa kwa mkono siku moja.