Siku 21, na Mengine Tunayoambiwa Kuhusu Mazoea

Kila Januari hapa Kisumu, njia ya kwenda Dunga hujaa watu wanaokimbia alfajiri. Kufikia Machi wamebaki wachache. Walioacha hujilaumu sana, nami huwaonea huruma, kwa sababu wengi walipewa hesabu mbovu tangu mwanzo.

"Fanya jambo siku 21, litakuwa mazoea."
Hesabu hii inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Alizungumzia mtu kujizoea kwenye kioo, na lile neno "angalau" likapotea njiani. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu 96 kwa wiki 12, walikadiria kwamba tendo huchukua kama siku 66 hadi lijifanye bila kufikiriwa. Kulikuwa na wa siku 18, na kulikuwa na wa 254. Kunywa glasi ya maji huzoeleka upesi. Mazoezi ya mwili huchelewa. Ukifika siku ya 22 na bado unajikokota kutoka kitandani, ni kawaida kabisa.

"Ukikosa siku moja, anza upya."
Hapana. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa mara moja hakuharibu kitu cha maana. Kesho yake endelea.

"Watu wakielimishwa, watabadilika."
Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana tunalirudia kwenye kila baraza. Twende Busia. Kwamba maji machafu huleta kuhara, watu walishafundishwa shuleni na kliniki. Hata hivyo, dawa ya kuua vijidudu vya maji, yaani klorini, ilipokuwa ya kununuliwa dukani, iliyotumia ilikuwa kama kaya moja kwa kumi, au pungufu. Ndipo watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, wakajaribu kuweka tangi la klorini palepale kwenye chemchemi, bure. Unageuza vali mara moja, kinatoka kipimo cha mtungi wa lita 20, unateka maji, na dawa inachanganyika ukiwa njiani kurudi nyumbani. Matumizi yakapanda hadi nusu ya kaya na zaidi.

Tazama kilichobadilika. Bei iliondoka, ndiyo. Lakini pia dawa ilikaa machoni pa mtu wakati uleule anaoihitaji, ikashikamana na kazi ambayo lazima aifanye kila siku, na majirani kwenye foleni walimwona akiitia. Mhubiri gani wa usafi angeweza kufanya yote hayo kwa maneno?

"Kumbusha kila siku, ndipo mtu azoee."
Kituo cha afya cha Chulaimbo, si mbali na hapa, wagonjwa wanaotumia ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, walitumiwa ujumbe mfupi wa simu. Waliotumiwa mara moja kwa wiki, asilimia 53 walimeza dawa ipasavyo, dhidi ya 40 kwa wasiotumiwa chochote. Ujumbe wa kila siku haukusaidia. Nadhani sikio huizoea kengele inayolia daima.

"Ni suala la nia tu."
Mama yangu ana presha. Vidonge alivitia kwenye droo chumbani, akawa anavisahau, nasi watoto tukawa tunamgombeza kwamba hajali afya yake. Siku moja dada yangu akaviweka juu ya kopo la majani ya chai, kwa kuwa chai ya asubuhi mama hajawahi kuikosa. Ugomvi ukaisha. Baadaye alikwenda kumtembelea shangazi Kakamega, akakaa siku mbili bila kumeza hata kimoja, ingawa vilikuwa mkobani. Jikoni kwa shangazi hakukuwa na lile kopo.

Siku hizi akisafiri, hubeba vyote viwili.